Theluji Ukutani, Masika Dirishani

Katika chekechea nyingi za kulipia za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ukutani hutundikwa bango la majira manne ya mwaka. Kuna mti uliochanua, jua lililovaa miwani, majani ya rangi ya kutu yanayodondoka, na mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Watoto huyataja majira hayo kwa Kiingereza, kwa pamoja na kwa sauti ya juu, mwalimu akigusa kila picha kwa kijiti. Nje masika yameshaanza. Uwanja umejaa madimbwi, na mlango umefungwa ili asitoke mtu akachafua sare.

Mambo matatu yamekutana katika chumba hicho, na kila moja lina watetezi wake. Wapo wanaosema mtoto wa miaka minne ajifunze kwa kucheza. Wapo wanaotaka aanze lugha mbili mapema, ili Kiingereza kisije kumtesa huko mbele. Na wapo, ingawa ni wachache zaidi, wanaotaka mada za darasa zifuate majira ya mahali mtoto anapoishi. Mitaala rasmi ya Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar inayagusa yote kwa namna moja au nyingine, lakini inayaweka mbalimbali: mchezo uko kwenye mbinu za kufundishia, lugha iko kwenye sera, hali ya hewa iko kwenye mada ya mazingira. Darasani hayatengani. Mtoto hawezi kucheza duka, mapishi au uvuvi kwa lugha asiyoijua. Lugha ya pili haimkai kichwani ikiwa haina kitu cha kushika wala kuonja. Na vitu vya kushika na kuonja huja kwa msimu wake. Mitaala yetu imekosa fundo hilo linaloyaunganisha matatu, na pengo hilo linaeleza kwa nini bango la theluji linadumu ukutani mwaka hadi mwaka.

Wazo la kumfundisha mtoto kwa mchezo lina umri mrefu. Friedrich Froebel alifungua kituo chake cha watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, akiwapa mipira ya sufi, vipande vya mbao na bustani ya kulima. Baadaye wafuasi wa Rudolf Steiner, ambao shule yao ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919, walijenga mwaka mzima wa chekechea juu ya majira: meza ndogo darasani hubadilishwa kila msimu kwa majani, mbegu, maua na taa za sikukuu. Kwa Ujerumani jambo hilo lina mantiki, maana mtoto anayepamba meza kwa majani makavu ameyaokota njiani asubuhi ile ile. Mfumo ulipovuka bahari, mara nyingi zilisafiri picha, na ile desturi ya kuokota ikabaki bandarini.

Pwani ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, haijawahi kukosa kalenda. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, na kwa karne nyingi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili hivi na kuyarudisha, na kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili. Masika hunyesha Machi hadi Mei, kipupwe hufuata, vuli huja Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi. Wakulima na mabaharia walihesabu mwaka wa jua kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwanzo wa mwaka huo bado husherehekewa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Wazee walitazama nyota za Kilimia zikizama na kuzuka ili wabashiri mvua. Juu ya hayo yote ipo kalenda ya Hijria, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa jua. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni na Julai, kwenye ubaridi wa kipupwe. Ya 2026 imeangukia Februari na Machi, kwenye joto la kaskazi. Mwalimu wa watoto wadogo angetafuta wapi somo bora zaidi la kuhesabu na kutazama anga?

Mfano wa karibu zaidi wa mtaala uliojaribu kuunganisha mchezo, lugha na mahali ulizaliwa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan wasiwasi wao kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni, na wazazi hawakutaka kulazimika kuchagua baina ya chuo cha Qur'ani na chekechea. Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu wa Mombasa, alikabidhiwa kazi ya kutafuta njia, na shule ya awali ya kwanza ndani ya madrasa ikaanza mwaka 1986. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuwa umezisaidia shule zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu.

Mchanganyiko wake ungemshangaza anayeusoma kwenye karatasi tu. Upande mmoja kulikuwa na HighScope, mfumo uliotokana na kazi ya David Weikart mjini Ypsilanti, Michigan, ambako watoto 123 wa familia maskini waliingizwa katika utafiti maarufu wa Perry kuanzia mwaka 1962. Katika mfumo huo mtoto hupanga atakachocheza, hukicheza, kisha hueleza alichofanya. Upande wa pili ilikuwako madrasa ya mtaani yenye dua, adabu na visa vya mitume, na Kiswahili cha nyumbani. Kona za kuchezea hazikujazwa plastiki ya dukani. Walimu, wengi wao wanawake wa mtaa huo huo, walifundishwa kutengeneza vifaa kwa vifuu, makumbi, vizibo vya chupa, maboksi, mbegu na vitambaa chakavu. Bibi aliyesuka ukili barazani ghafla akawa na ujuzi unaohitajika shuleni.

Hatua ya tatu ya mfumo ule, ya kueleza, ndiyo inayostahili kuangaliwa na kila anayejali lugha. Mtoto aliyetengeneza kidau cha kifuu, akakiona kikizama, ana hoja nzito: tanga lilikuwa kubwa, maji yaliingia upande mmoja, Ali alikisukuma. Ana sababu, mfuatano wa matukio na mshtakiwa. Hoja kama hiyo mtoto wa miaka minne huijenga kwa lugha aliyoamkia nayo. Akidaiwa aiseme kwa lugha aliyoanza kuisikia wiki tatu zilizopita, atataja jina la chombo na kunyamaza, na mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mkimya.

Mwaka 2008 Peter Mwaura na wenzake walichapisha tathmini ya watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliona kwamba waliopitia shule za awali walipiga hatua zaidi kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na waliosoma shule za madrasa waliwapita hata wa shule nyingine za awali. Hata hivyo mpango ulikuwa na kidonda kinachojulikana na kila mwenye chekechea ya jamii: mshahara wa mwalimu ulitoka kwenye michango ya wazazi. Mavuno yakiwa mabaya, au samaki wakiadimika, mchango hauji, na mwalimu aliyefunzwa vizuri huhamia penye malipo.

Unguja na Pemba zilijaribu pia njia ya bei nafuu zaidi. Kuanzia mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Zanzibar, kwa kushirikiana na shirika la EDC la Marekani, ilirusha vipindi vya redio na kufungua vituo vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa vijijini wasiokuwa na shule ya awali karibu. Mlezi wa kujitolea aliwasha redio, na watoto wakaimba, wakaruka, wakahesabu mawe na kujibu maswali ya sauti iliyotoka kwenye kisanduku. Redio haina bango la ukutani, kwa hiyo ilimlazimu mwandishi wa kipindi afikirie mtoto aliyekaa chini ya mwembe ana nini mkononi. Kizuizi hicho kilikuwa neema.

Sasa lugha. Kenya ilipendekezewa na tume ya Gachathi, mwaka 1976, kwamba miaka ya mwanzo ya shule itumie lugha ya eneo, na msimamo huo umebaki kwenye nyaraka hadi mtaala wa umilisi uliosambazwa nchi nzima mwaka 2019, ambao umeweka miaka miwili ya awali, PP1 na PP2. Tanzania Bara hutumia Kiswahili katika elimu ya awali na msingi, na wakati huo huo huruhusu shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imerudisha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza, baada ya miaka kadhaa ya kuanzia darasa la tatu. Kongo nayo, katika sheria yake ya elimu ya mwaka 2014, imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kufundishia, ingawa wazazi wengi wa Goma na Lubumbashi bado hupima shule kwa Kifaransa chake.

Watu wanaposema chekechea ya lugha mbili huwa wamechanganya hali mbili zisizofanana. Ipo ya mtoto wa Tanga au Kisauni anayezungumza Kiswahili nyumbani, akakutana na Kiingereza shuleni. Na ipo ya mtoto wa Kimaasai wa Longido, Msukuma wa Bariadi au Mdigo wa ndani ya Kwale, ambaye Kiswahili chenyewe kwake ni lugha ya pili. Darasa la Longido huhesabiwa kuwa la lugha moja, ya taifa. Kwa mtoto aliyeketi mkekani ni la lugha ngeni tangu salamu ya asubuhi, na hakuna aliyepanga namna ya kumvusha. Mjadala wa Kiingereza hupiga kelele nyingi mno kiasi kwamba mtoto huyu hasikiki.

Ushahidi wa utafiti unaelekea upande wa lugha ya kwanza, lakini haunyooki kama wanaharakati wanavyopenda. Mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa, uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, nao hawakuzidiwa Kiingereza na wenzao. Huko Kamerun, shule 12 zilifundisha kwa Kikom kwa miaka mitatu ya mwanzo, na watoto wakawashinda wenzao hata katika majaribio ya Kiingereza, ingawa tofauti hiyo ilipungua baada ya kuhamia Kiingereza kikamilifu. Nchini Kenya, Benjamin Piper na wenzake walijaribu Kikamba na Kibukusu katika programu ya kusoma. Watoto walisoma lugha zao vizuri zaidi, lakini hawakupata faida ya ziada katika Kiingereza na Kiswahili kuliko wale waliopata programu ile ile bila lugha ya mama. Jim Cummins wa Kanada alidai tangu mwaka 1979 kwamba lugha mbili za mtoto zinategemeana chini kwa chini. Huenda ni kweli, lakini mkondo huo wa chini haujichimbi wenyewe. Lazima mwalimu ajue kuuchimba, na awe na vitabu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo shule nyingi hulikosea kwa nia njema. Mwalimu husema sentensi kwa Kiingereza, hapo hapo akaitafsiri kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, siku nzima. Watoto ni werevu. Baada ya juma moja wanajua kwamba nusu ya kwanza ya kila usemi haina haja ya kusikilizwa. Afadhali kila lugha ipewe makazi yake: Kiswahili kibebe uchunguzi, hadithi, ugomvi na upatanisho, Kiingereza kipewe saa yake, michezo yake na ikiwezekana mtu wake, kikirudia shughuli ambazo watoto wameshazielewa kwa mikono. Vikundi vya chekechea vya Wales vilivyoungana mwaka 1971 kuiokoa lugha yao vilishika kanuni inayofanana: mwalimu huzungumza Kiwelisi wakati wa mchezo na uji bila kumkaripia mtoto anayejibu kwa Kiingereza.

Mtoto anayeadhibiwa kwa kusema Kiswahili kwenye kona ya mapishi haongezi Kiingereza, anaacha kupika. Kila aliyewahi kukaa pembeni mwa watoto wanaocheza amewasikia wakigawana vyeo: wewe uwe mama, mimi muuza samaki, yule mgonjwa. Mazungumzo hayo ndiyo mchezo wenyewe. Yakizimwa, kilichobaki ni vifuu.

Maadui wa mchezo, kusema kweli, ni wengi kuliko lugha. Tanzania Bara imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walioandikishwa elimu ya awali walipanda kutoka kama milioni 1 mwaka 2015 hadi kama milioni 1.5 mwaka uliofuata, na darasa lenye watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja likawa jambo la kawaida. Ukiwa na watoto 100 katika chumba kimoja, kona ya vitabu na kona ya ujenzi ni ndoto. Kuimbisha kwa pamoja ndiyo mbinu pekee isiyovunja nidhamu, na mwalimu anayeichagua hastahili lawama za mkaguzi.

Hapa ndipo michezo ya asili ingefaa kuliko kona za kuigwa kutoka darasa la Ulaya lenye watoto 15. Ukuti ukuti unahitaji duara la watoto wengi, na wakizidi duara hupanuka. Rede inahitaji uwanja na mpira wa matambara. Kombolela hufundisha kuhesabu, kusubiri na kukumbuka. Mdako unahitaji kokoto na kishimo, na ndani yake mna hesabu ya kujumlisha na kutoa kuliko kurasa nyingi za daftari la mazoezi. BRAC, shirika lililotokea Bangladesh, limeendesha vituo vya mchezo vya watoto wadogo Tanzania na Uganda kwa msaada wa LEGO Foundation, na limesisitiza nyimbo na michezo ya mahali pamoja na vifaa vilivyotengenezwa na wazazi.

Wazazi nao wana hesabu zao, na si za kipumbavu. Baadhi ya shule binafsi huwafanyia usaili watoto wanaoingia darasa la kwanza: rangi, tarakimu, alfabeti, jina lako nani, yote kwa Kiingereza. Mzazi aliyelipa ada anataka daftari lililojaa, kwa sababu daftari huonekana na mchezo hauonekani. Mtoto akirudi na tope magotini, mama mtu huuliza leo mwalimu hakuja? Mtaala unaosifu mchezo bila kumpa mwalimu namna ya kumwonyesha mzazi kilichojifunzwa umemwacha mwalimu peke yake mlangoni saa sita mchana.

Nchi iliyokwenda mbali katika kuunganisha mambo haya iko mbali sana na bahari yetu. Mwaka 1982 Wamaori wa New Zealand walifungua kituo cha kwanza cha kohanga reo huko Wainuiomata, karibu na Wellington, ambako watoto wadogo walilelewa kwa Kimaori na wazee waliobaki na lugha hiyo. Mwaka 1996 serikali ilitoa mtaala wa taifa wa watoto wadogo, Te Whāriki, ulioandikwa na Margaret Carr na Helen May pamoja na Tilly na Tamati Reedy. Maandishi yake ya Kimaori na ya Kiingereza yalitungwa sambamba. Hakuna upande uliokuwa tafsiri ya mwingine. Mchezo ndio msingi wake, na haukumpangia mwalimu orodha ya masomo ya wiki. Ulirekebishwa mwaka 2017.

Majira pia yaliwasumbua. Kwa vizazi kadhaa watoto wa huko, ambao Desemba yao ni ya kiangazi, walichora theluji kwa ajili ya Krismasi. Polepole shule za awali zikaanza kuadhimisha Matariki, mwaka mpya wa Wamaori, unaohesabiwa kwa nyota zinazochomoza alfajiri katikati ya baridi, Juni au Julai. Mwaka 2022 Matariki ikawa sikukuu ya taifa, na tarehe 24 Juni ofisi zikafungwa kwa mara ya kwanza kwa ajili yake. Nyota hizo ndizo Kilimia chetu. Kule zimeingia chekechea pamoja na viazi, moto na kuwakumbuka waliofariki. Huku zimebaki kwa wazee wachache na kwenye kamusi.

Mwaka wa namna hiyo ungekuwaje hapa, tuseme Kilwa, Malindi au Jambiani? Shule hufunguliwa Januari, joto la kaskazi likiwa kali na maembe yako sokoni. Hapo darasa huwa soko: dodo, bolibo, ngowe na sikio la punda hupangwa kwa ukubwa, kwa rangi na kwa ukomavu. Kwa Kiswahili watoto hubishana kuhusu changa, bichi, pevu na bivu, ubishi unaohitaji macho, pua na vidole. Saa ya Kiingereza, soko hilo hilo hurudiwa kwa sentensi chache za kununua na kuuza, rangi na idadi hadi kumi. Mtoto hahitaji kukisia maana, kwa kuwa embe bado liko mkononi, nusu yake tumboni. Kokwa huoshwa, hukaushwa, huhesabiwa, na nyingine hupandwa kwenye kopo.

Masika yakifika, mahudhurio hushuka. Njia zimejaa maji, na mama hamtoi mtoto nje bila mwavuli. Walimu wengi huihesabu miezi hiyo kuwa hasara, ila kwa darasa la watoto 90 siku waliyokuja 35 ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo mchezo wa kona unawezekana. Chupa iliyokatwa huwekwa uani na mstari wa mkaa ukachorwa kila asubuhi; mwisho wa juma mistari ni grafu, ingawa hakuna anayehitaji kuiita hivyo. Vidau vya vifuu hushindanishwa kwenye dimbwi. Konokono, jongoo na vyura hukaguliwa na kurudishwa walikotoka. Mada ya usafi na malaria, ambayo kwenye kitabu huwa picha ya mbu, inapata mbu halisi na kopo halisi la kumwagwa maji. Mchana mvua ikizidi kelele juu ya bati, mwalimu hawezi kusikika, na wenye uzoefu hubadili shughuli kuwa ya kuchora au ya ishara za mikono.

Kusi ni upepo wa tiara. Njiti za ukuti, karatasi, gundi ya unga na uzi: mtoto wa miaka mitano hawezi kuitengeneza peke yake, na hilo ni jema, kwa kuwa linamleta kaka au babu shuleni. Kwa nini inapanda ukikimbia upande huu na kuanguka upande ule? Bahari imechafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki nje ya mwamba, na bei ya samaki imepanda; mtoto anayecheza muuza samaki huijua bei hiyo kabla mwalimu hajaitaja. Kule mashariki ya Unguja akina mama wanavuna mwani, na fungu la mwani mkavu na la mwani mbichi ni somo la uzito lililo tayari. Kisha vuli: kunde na mahindi kwenye bustani ya shule, kumbikumbi wakizunguka taa usiku, na asubuhi mtoto anakuja na mabawa yao kwenye mfuko wa shati. Ramadhani, Idi, Pasaka na Krismasi hupita juu ya majira haya kila moja kwa hesabu yake, na mwalimu mwerevu huweka fimbo mbili za kuhesabia ukutani, moja ya mwezi na nyingine ya jua.

Kilwa lakini si Dodoma. Huko mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mtoto wa Chamwino akifundishwa masika na vuli kama vitu viwili atakuwa anakariri majira ya watu wengine, sawa na yule wa bango la theluji. Makete kuna baridi ya umande kuganda. Bukoba mwaka una senene wake, wanaokuja kwa wingi Aprili na Mei, tena Novemba na Desemba, na darasa la Bukoba lisilotaja senene limeikwepa furaha kubwa kuliko zote za mtoto wa huko. Turkana mwaka hupimwa kwa malisho na mwendo wa mifugo. Mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu wa Uganda, ulioanza mwaka 2007, ulipanga masomo kwa mada na kwa lugha za maeneo, hali ya hewa ikiwa mada mojawapo. Mwalimu wa Karamoja na mwenzake wa Masaka wakaifungua mada hiyo kila mmoja akitazama anga tofauti kabisa.

Kwa hiyo kitabu kimoja cha taifa hakiwezi kubeba majira, hata kikichapishwa vizuri. Taasisi ya Elimu Tanzania na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, zinaweza kuweka umahiri unaotakiwa, kwamba mtoto alinganishe, apange, aeleze, ahesabu, na kuacha kurasa za majira zijazwe wilayani. Kenya ina mlango rahisi zaidi, kwa kuwa katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya awali. Kwale, Lamu na Pokot Magharibi zinaajiri walimu wao na kujenga madarasa yao; hakuna kinachozizuia kuandika kalenda zao. Hadi sasa fedha nyingi za kaunti zimeelekea kwenye majengo, ambayo hufunguliwa kwa utepe, na kidogo kwenye mafunzo kazini.

Mabadiliko ya tabianchi yameleta ugumu ambao waandishi wa zamani wa mitaala hawakuwa nao. Mvua za vuli za 2019 zilizidi kiasi na kuleta mafuriko sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu kadhaa mfululizo ilikauka kaskazini mwa Kenya. Kalenda iliyochapishwa ikisema wiki hii ni ya mvua, na mvua haipo, mwalimu aliyezoea kufuata kitabu hufundisha mvua hivyo hivyo. Aliyezoea kutoka nje na watoto huwauliza mbona haijanyesha, kisha humwita mkulima jirani aje kujibu. Kumfundisha mwalimu wa namna ya pili kunahitaji zaidi ya semina ya siku tatu. Kunahitaji mwaka mzima wa kutembelewa darasani na mwenzake mwenye uzoefu, kama walivyofanya wakufunzi wa mpango wa madrasa waliokuwa wakizunguka shule za mitaa na vijiji. Gharama hiyo ni ya nauli na mishahara, na haionekani kwenye picha za uzinduzi.